Juisi ya Lebo Upande

Saluni ya Bi Chanuo ilikuwa sebule yake mwenyewe, tena sebule ndogo, kiasi kwamba aliyekaa kwenye kigoda cha kusukiwa alilazimika kukunja miguu kila mtu alipotaka kupita. Lakini watu hawakukauka pale. Kuna waliokuja kusuka, kuna waliokuja kusikia nani kaachika na nani karudiwa, na kuna waliokuja tu kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na wa kuongea naye. Bi Chanuo hakumfukuza mtu. Alisuka amesimama, vidole vikikimbizana kichwani mwa mteja, mdomo nao ukivifukuzia kwa nyuma, na mgongoni, ndani ya mbeleko, alikuwepo mjukuu wake.

Mjukuu alikuwa wa kiume, kwa hiyo kwa utani wa bibi na mjukuu yeye ndiye aliyekuwa mume wa nyumba ile. Na kwa kuwa alikuwa mume wa Bi Chanuo, wateja wote wakamwita Shemeji.

"Shemeji leo kaamka na uso wa polisi."

"Ana wivu huyo. Jana nilicheka kidogo tu na muuza mkaa, kalala kanipa mgongo."

"Mpe haki yake basi, atacheka."

Haki yake ilikuwa chupa. Bi Chanuo alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, kama dereva anayetafuta gia, chupa ikamkuta mtoto mdomoni, na saluni nzima ikashusha pumzi. Juisi ilimdondokea bibi shingoni. Jioni kola ya gauni lake ilikuwa imekakamaa kwa utamu, na alipomlaza mtoto, sisimizi walipanga foleni kuelekea kwenye mto. Aliwafagia huku akiwasema: "Nanyi mmekuja kusuka?"

Juisi yenyewe ilitoka kwa mama wa mtoto, binti pekee wa Bi Chanuo. Baba wa mtoto alitoka siku moja kwenda kununua vocha ya simu na hajarudi mpaka leo. Kwa jinsi alivyochelewa, alisema jirani yao, lazima aliifuata kiwandani inakotengenezwa. Jirani huyo waliyemwita Redio, kwa sababu alianza kutangaza alfajiri na hakuwa na kipindi cha muziki, ndiye aliyemwambia binti kwamba kiwanda cha juisi kinatafuta watu. Binti akapata kazi mtoto akiwa bado mchanga. Kiwanda kilikuwa mbali, zamu zilikuwa za kubadilikabadilika, ikabidi apange chumba hukohuko na awe anarudi nyumbani Jumamosi jioni. Wiki za mwanzo maziwa yalimtoka yenyewe akiwa kwenye mashine mpaka sare ikalowa. Akawa anakwenda kuyakamua chooni na kuyamwaga, analia. Baadaye yakakauka, na kilio kikakauka nayo, au ndivyo alivyosema.

Kilichomuua zaidi kilikuwa Jumamosi. Alifika kachoka, mikono kainyoosha tangu mlangoni, na mtoto alimwangalia kama mtu anayemdai kodi. Akimshika tu, mayowe. Akimrudisha kwa bibi, kimya. Wateja wakawa wanajifanya hawaoni.

"Atakuzoea, mwanangu," Bi Chanuo alimwambia. "Watoto ndivyo walivyo."

"Atanizoea lini, mama? Nikiwa hapa siku moja kwa wiki?"

Sasa pale kiwandani kazi ya binti ilikuwa kusimama mwisho wa mstari na kuzitoa chupa ambazo lebo imekaa upande. Juisi ilikuwa ileile, ila sura haikupendeza, kwa hiyo hazikwenda dukani. Mwisho wa wiki wafanyakazi waligawana. Jumamosi moja akaja na mfuko umejaa, akafungua moja, akaimimina kwenye chupa ya mtoto, akamwekea mdomoni. Mtoto, ambaye hata jino la tatu lilikuwa halijachomoza, alinyonya mara moja akasita. Akamtazama mama yake. Akanyonya tena. Kisha akacheka, akaegemeza kichwa kwenye kifua kile kilichokauka, akanywa mpaka akasinzia humohumo mikononi.

"Mama," binti alinong'ona, hataki hata kupumua kwa nguvu. "Mama, kanipokea."

Bi Chanuo alikuwa anachambua nywele za bandia. Aliinama zaidi kwenye zile nywele ili binti asimwone macho.

Tangu siku hiyo juisi ikawa ndiyo maziwa ya mama. Katikati ya wiki, Bi Chanuo akimpa mtoto chupa alimwambia: "Kunywa, mume wangu. Hii kakuletea mama yako. Mikono yake imeishika hii." Aliona anafanya jambo la maana, anamweka binti yake mdomoni mwa mtoto ili wasisahauliane.

Kliniki ya watoto alikuwa akienda yeye, maana siku ya kliniki ilikuwa siku ya kazi. Siku moja, baada ya mizani, muuguzi wa pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza na viatu vya raba, alisimama mbele ya mabenchi akasema, "Haya, akina mama, akina baba, akina bibi. Mwenye chupa ya mtoto ainyanyue juu."

Chupa zikanyanyuliwa. Muuguzi akapita akizifungua moja moja na kuzinusa kama mpishi.

"Maziwa. Vizuri. Hii chai, tena ina sukari ya kutosha harusi. Hii soda. Baba, soda hii ni ya nani?"

"Ya mtoto."

"Na wewe unakunywa nini?"

"Maji."

Watu wakacheka, na baba mwenyewe akacheka kwa aibu. Bi Chanuo hakunyanyua yake. Alikuwa amekwishaichomeka chupa ndani ya gauni, kifuani, na kifuniko kilikuwa hakijakaza.

Muuguzi akaeleza, taratibu, bila kumkaripia mtu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe juisi kabisa, hata ile inayoandikwa kwamba ni tunda tupu. Soda na chai ya sukari asipewe, si sasa tu, hata akishaanza kutembea. Maziwa ya mama kwanza. Akishaanza kula, maji safi kidogo kwenye kikombe. Vinywaji vitamu vinamshibisha uongo, chakula anakikataa, na ulimi ukishazoea utamu hautaki kingine. Na baya kuliko yote ni kumlaza na chupa tamu mdomoni, kwa sababu sukari inalala na meno yake usiku kucha. "Hata jino likiwa halijatoka vizuri," alisema, "linatoka likiwa tayari na adui."

Mkutano ulipokwisha alimfuata Bi Chanuo, akamvuta pembeni, akaangalia doa la njano lililokuwa linapanuka kifuani mwa gauni.

"Bibi, hayo si maziwa."

Bi Chanuo alicheka ili asilie. "Mwanangu, kwa umri wangu yakitoka maziwa si utaniita kwenye gazeti?"

Muuguzi naye akacheka, ila hakumwachia mkono. "Nyumbani nani anayempa?"

"Mama yake ndiye anayeleta."

"Basi mweleze yeye. Au mlete nimweleze mimi, hata saa ya chakula nitamsubiri."

"Nitamweleza."

Na alikusudia kweli. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Jumamosi ilipofika aliwahi kufunga saluni, akamtoa Redio nje akiwa katikati ya habari, akakaa kwenye kigoda chake anasubiri. Binti akaingia na mfuko. Kabla hata hajavua viatu, mtoto aliuona mfuko, akatambaa mbio, akamshika mama yake gauni, akajivuta mpaka akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama.

"Mama! Umemwona? Kasimama! Kasimama kwangu!"

"Nimemwona," Bi Chanuo akasema.

"Kulikuwa na jambo? Umefunga mapema."

Maneno yote aliyoyapanga yalikuwapo, yamejipanga kooni. Akamtazama binti yake amepiga magoti sakafuni na sare ya kiwanda, anacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa msichana, anatafuta chupa ndani ya mfuko. Nani angemwambia mtu kama yule kwamba kitu pekee anachompa mwanawe ndicho kinachomdhuru?

"Hakuna," alisema. "Kichwa tu kinaniuma."

Alijiambia atasema Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo nayo ikapita, na nyingine. Akawa anajituliza: katikati ya wiki alianza kuchanganya juisi na maji, na siku moja alimpa maji matupu. Mtoto alirusha chupa ikampiga mteja mgongoni, akalia mpaka akakosa sauti, na Bi Chanuo alikuwa na kichwa cha watu mkononi. Redio akasema, "Mpe tu, dada, mbona unamtesa Shemeji? Wa kwetu si tumewalea kwa chai ya sukari, na meno wanayo?"

"Wako wa kwanza mbona anacheka kafunga mdomo?" mteja akauliza.

"Ni adabu ile," Redio akajibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Bi Chanuo akacheka nao, mkono ukaenda nyuma, chupa ikarudi.

Meno yalianza kwa mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi. Baadaye ukawa wa kahawia. Bi Chanuo aliusugua kwa kitambaa akidhani ni uchafu, na mtoto akapiga kelele. Kisha meno ya mbele ya juu yakawa yanamomonyoka kama biskuti iliyolowa, na mtoto ambaye sasa alikuwa anakimbia sebule nzima akaanza kukataa chakula, anataka chupa tu. Wiki moja aliamka mdomo wa juu umevimba na mwili unawaka moto. Bi Chanuo alimpigia binti simu kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Walikutana hospitali, ileile yenye kliniki ya watoto. Daktari wa meno, kijana mpole mwenye taa ya kichwani, alimwangalia mtoto akiwa amepakatwa na mama yake, akazima taa.

"Haya manne ya mbele hayaokoleki. Kuna usaha, lazima yatoke. Mengine mawili nitayaangalia."

"Yatoke?" binti akasema. "Ni mtoto huyu. Hata mwaka wa pili hajaumaliza."

"Ya ukubwani yataota, mama. Lakini atakaa miaka bila hayo." Kisha akauliza kwa upole, "Analala na chupa?"

"Ndiyo."

"Ya nini?"

Binti akataja juisi. Akaitaja na jina la kiwanda chake, kwa sauti ya mtu anayetaja nyumbani kwao. Daktari akaeleza. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza, na kila alipomaliza sentensi binti alizidi kumkumbatia mtoto, mpaka mtoto akalalamika.

Ganzi ilichomwa, mtoto akashikwa. Bi Chanuo alimshika miguu. Ile miguu iliyokuwa ikimpiga mbavuni kila siku akiwa mgongoni, ya kumhimiza kama punda, sasa ilikuwa inajinyonganyonga mikononi mwake itoroke. "Bibi!" mtoto akaita. Hakumwita mama. Akamwita yeye, tena na tena, na yeye akaendelea kumshika.

Ilipokwisha walitoka kwenye korido, mtoto ana pamba mdomoni na macho mekundu, na hapo ndipo binti alipopasuka.

"Mnakaa mnapima uzito tu!" Alikuwa anaiambia korido nzima. "Kila mwezi mtoto analetwa hapa! Kila mwezi! Hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kufungua mdomo akasema msimpe? Mimi ningejuaje? Mimi nashinda kiwandani, ningejuaje?"

Mlango wa kliniki ukafunguka. Muuguzi mwenye viatu vya raba akatoka, akamwona mtoto, akaiona pamba. Kisha akamwona Bi Chanuo. Walitazamana. Muuguzi alikuwa na kila haki ya kusema. Badala yake alimshika binti bega.

"Pole, mwanangu. Pengine hatukueleza vizuri."

Bi Chanuo angeweza kunyamaza. Mlango alikuwa amefunguliwa na mwenye mlango, kilichobaki kilikuwa kupita tu.

"Walieleza," alisema. "Mimi nilielezwa. Tena vizuri sana."

Binti akageuka. Hakuelewa mara moja. Uso wake ulielewa polepole, kwanza macho, kisha mdomo.

"Lini?"

"Zamani. Akiwa anatambaa."

"Ukaninyamazia?"

"Ulikuwa na furaha, mwanangu. Alikuwa anakupokea. Nilisema nitakwambia, kila Jumamosi nikasema nitakwambia."

Binti hakupiga kelele tena. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Kwa hiyo nilikuwa nabeba ule mfuko mzito," alisema, "nanyimana na wenzangu ili nipate chupa nyingi, napanda nao, nashuka nao, na wewe unanifungulia mlango. Unanipokea mfuko. Unajua, na unanipokea mfuko." Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto. "Angeninunia, mama. Wiki mbili, mwezi, angenililia. Ningevumilia. Mimi ni mama yake, si mgeni wa kutunziwa heshima."

Muuguzi alikuwa ameinamisha uso. Bi Chanuo alitafuta neno, yeye ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akalikosa.

Binti alikuwa na ruhusa fupi tu kazini. Akakata shauri kabla haijaisha: mtoto anakwenda naye. Karibu na chumba chake kulikuwa na mama mmoja anayetunza watoto wa wafanyakazi mchana, na binti alikuwa amekwishaongea naye kwa simu: maji na maziwa ya kikombe, basi, hata alie vipi. Hakuyasema hayo kwa hasira. Aliyasema huku anakunja vinguo vya mtoto, kimoja kimoja, kwa unadhifu wa kiwandani, na Bi Chanuo alikuwa anampokeza.

"Nitaacha kumpa," Bi Chanuo alisema. "Hata leo. Zote nimezimwaga, kaangalie nyuma ya nyumba."

"Nimeona, mama."

"Basi mwache."

"Siwezi." Binti alikaa kitandani. "Nitakuwa kazini nawaza, mama leo kasema ukweli au kanionea huruma? Siwezi kuishi hivyo."

Asubuhi ya kuondoka saluni ilijaa. Redio alikuwa amekalia kigoda, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama imeona mzimu, na alikuwa wa kwanza kunyanyuka kumbusu mtoto. "Shemeji, unamwacha mke bila talaka?" Mtu mmoja akacheka, akajikatiza. Mtoto alikuwa anayumbayumba kwa uchovu wa kulia, mdomo umeingia ndani, anafanana na kizee kidogo. Tangu alfajiri alikuwa analilia chupa.

"Nipe nimbebe mpaka stendi," Bi Chanuo alimwomba binti.

Binti alifikiri. Kisha akampa.

Akamfunga mbeleko, akaikaza, akatoka. Hakuna mteja aliyewafuata. Kwenda stendi kulikuwa na njia fupi, kupitia nyuma ya soko, na kulikuwa na njia ndefu ya kuzunguka kwa mafundi viatu, kupita ukuta wa shule, kisha kurudi. Bi Chanuo akashika ndefu. Binti aliijua mitaa ile tangu hajui kutamka majina yake, akaona, akatembea nyuma yao na mabegi.

Mwanzoni mtoto alilia. Alimpiga bibi yake mbavuni, akamvuta sikio, akapeleka mkono mbele kutafuta kile ambacho siku zote kilikuja kikitokea mbele. Bi Chanuo akautwaa ule mkono, akaushika kwapani, akaendelea kutembea huku anatikisa mabega kidogo. Hakuimba wala hakubembeleza kwa maneno, maneno yake yalikuwa yamekwisha hospitali. Kufika ukuta wa shule kilio kikawa cha kukatika. Kikawa kwikwi. Kikawa pumzi. Kichwa kikaanguka katikati ya mabega yake, kizito, na uzito ule aliufahamu: mtoto kalala.

Akasimama katikati ya njia.

Alikuwa amelala bila kitu mdomoni. Bila chupa, bila juisi, bila mama yake wala kiwanda. Mgongo tu, na kutembea. Miezi yote ile Bi Chanuo alikuwa nao mgongo huo.

"Kalala?" binti akauliza kwa nyuma.

"Kalala."

Binti akasogea, akamtazama mtoto, akamtazama na mama yake. Labda naye aliona kile kile. Alinyoosha mkono akafuta machozi kwenye shavu la Bi Chanuo kwa kidole gumba, kwa haraka, kama mtu anayefuta kamasi za mtoto, akasema, "Twende, mama. Gari litatuacha."

Stendi ilikuwa na kelele zake, lakini mtoto hakuamka. Bi Chanuo akakifungua kifundo cha mbeleko mwenyewe. Vidole vile vilivyofumua vichwa vya mtaa mzima vilihangaika na kifundo kimoja mpaka binti akamsaidia. Wakamhamisha taratibu, mgongo kwa mgongo, binti ameinama, bibi anamshikilia makalioni, na mtoto akaguna, akatafuta mahali pa kuweka shavu, akapapata.

"Nimwamshe aniage?" Bi Chanuo akauliza.

"Usimwamshe, mama."

"Kweli. Tusimwamshe."

Mbeleko akamwachia binti. Gari lilipoondoka alibaki anapunga mkono kwenye dirisha ambalo hakuwa na hakika kama ndilo. Kisha akageuka, na kwa kuwa hakuwa na mzigo wowote, miguu yake ilimpitisha nyuma ya soko, njia fupi, akafika nyumbani mapema mno, wateja wakiwa bado hawajajua wamwambie nini.